Kusikojaa au Ufalme wa Chumvi? Kuchagua jina la riwaya ya fantasia

Mpwa wangu amemaliza mswada wa riwaya yake ya kwanza. Ni fantasia. Siku moja bahari inakupwa kijijini kwao, watu wanangoja maji yajae, na maji hayajai. Siku tatu, wiki, mwezi. Ngalawa zimelala ubavu mchangani, chumvi imeanza kung'aa juani. Mwanaheri, binti wa mvuvi, anaamua kuyafuata maji yalikokwenda, na huko anaukuta mji uliokuwa chini ya bahari miaka yote. Hadithi inanoga, na sisemi hivyo kwa kuwa ni damu yangu.

Kilichomkwamisha ni jina. Juzi usiku akaniandikia: "Shikamoo mjomba. Nina majina manne, yote nayapenda, na mchapishaji anataka moja kabla mwezi haujaisha. Nisaidie." Chini yake akayapanga:

Kusikojaa
Mwanaheri na Chunusi
Ufalme wa Chumvi na Mifupa
Maji Yalipokataa Kujaa

Nikayatazama kwa muda, nikaona kila moja lina ukoo wake. La kwanza ni jina la mahali, la pili ni la watu, la tatu ni la mtindo unaotawala siku hizi kwenye fantasia za Kiingereza, na la nne ni sentensi. Mtu yeyote anayetunga fantasia kwa Kiswahili atafika kwenye njia panda hii, kwa hiyo jibu langu nimeliandika kwa urefu ili na wengine walisome.

Mizani yenyewe

Nitayapima yote kwa mambo manne.

La kwanza ni ahadi. Jina humwambia msomaji anaingia dunia gani. Mwaka 1960 Muhammed Said Abdulla alitoa Mzimu wa Watu wa Kale. Aliyeliona jina hilo tu angetarajia mizuka, kumbe ndani yumo Bwana Msa na kiko chake, anapeleleza mauaji. Kwa hadithi ya upelelezi hila hiyo ni halali, kwani fumbo ndiyo bidhaa yenyewe. Fantasia haina ruhusa hiyo. Anayependa majini akikuta polisi atakasirika, na anayependa polisi akikuta majini atakasirika zaidi.

La pili ni ulimi. Vitabu vyetu huuzwa kwa mdomo kuliko kwa matangazo. Fanya jaribio hili: mpigie simu rafiki aliye ndani ya daladala, mtajie jina mara moja tu, kisha mwombe alirudie. Asipoweza, hataweza kumtajia muuza vitabu.

La tatu ni upekee. Ukiliandika jina kwenye simu, je, kitakachokuja ni kitabu chako? Ukiita riwaya yako Upanga, hata kama ina upanga wa ajabu kupita zote, msomaji wa Dar es Salaam ataletewa ramani ya kuelekea Muhimbili na matangazo ya nyumba za kupanga.

La nne ni siri. Jina lisimalize hadithi kabla haijaanza.

Jina la mahali: Kusikojaa

Huu ndio ukoo ninaouonea fahari, maana Kiswahili kina ufundi wake hapa. Shaaban Robert alipoandika mwaka 1951 kuhusu nchi inayoelea angani, hakuipa jina la kutisha wala la kigeni. Alichukua kitenzi tulichonacho, sadiki, akakinyoosha kikawa Kusadikika. Tazama kazi inayofanywa na neno hilo moja. Mahali pasipoaminika hata kidogo pameitwa pa kuaminika, na msomaji ameshaombwa aamini kabla hajafungua ukurasa. Kufikirika, iliyotoka 1967 wakati mwandishi alikwisha kufariki, imejengwa hivyo hivyo. Katama Mkangi naye, mwaka 1995, akaiita riwaya yake Walenisi. Lisome polepole: wale ni sisi. Nchi ya mbali kabisa, na jina lake linakwambia kwamba hao unaowatazama ni wewe. Hakuna aliyehitaji kuunda lugha mpya ya majitu ili apate jina. Sarufi ya nyumbani ilitosha.

Kusikojaa limetoka kwenye karakana hiyo hiyo: kule ambako maji hayajai.

Kwa ahadi, jina linasema kuna mahali, na kwamba mahali hapo pana kasoro. Halisemi kama ni fantasia au ni hadithi ya ukame. Kazi hiyo itabaki kwa picha ya jalada na maelezo ya nyuma. Kwa ulimi ni rahisi, mizani tano tu, yaani silabi tano, ingawa nina angalizo. Mtu wa pwani atalisikia neno kusi, ule upepo, na hilo halina ubaya kwa kitabu cha bahari. Mtu wa mjini atalisikia jaa, lile la takataka. Nilimwambia mpwa wangu alitamke kwa watu wa bara kwanza. Upekee ni mkubwa mno. Jina la kubuniwa halina mshindani. Siri nayo ni salama, kwa kuwa jina la mahali halifichui litakalotokea huko.

Linamfaa mwandishi ambaye dunia aliyoiumba ndiyo shujaa wa kitabu, mwenye sheria za nchi, historia yake, vyakula vyake, hata mahakama zake. Kama mji huo unatokea kurasa ishirini tu mwishoni, jina la mahali litakuwa limebebeshwa mzigo usiokuwepo. Pia lisiwe herufi zilizotupwa tu pamoja. Nimesoma miswada yenye majina kama Zarkathia na Eldrumoni, na hakuna hata mmoja niliyeweza kuukumbuka kesho yake. Sikio la Kiswahili halina pa kuyashikia.

Jina la watu: Mwanaheri na Chunusi

Hili ni la kihekaya, na hekaya ndiyo mama wa fantasia yetu. Adili na Nduguze ni mfano uliokamilika. Adili ni jina, tena ni sifa. Nduguze, Hasidi na Mwivu, nao ni majina na ni sifa. Ukishasikia "na nduguze" umejua kuna familia, na palipo na ndugu wa namna hiyo pana kisa. William Mkufya alifuata njia hiyo mwaka 1999 kwa Ziraili na Zirani, majina mawili yanayofanana kwa sauti kama watu wawili wanaotazamana mlangoni, na mmoja wao ni mtoa roho.

Kwa ulimi, hili linayashinda majina mengine yote matatu. Hesabu: Mwa-na-he-ri na Chu-nu-si. Mizani nane kamili, kipande cha shairi la tarbia. Sikio la Mswahili limezoea kipimo hicho tangu chuoni, ndiyo maana linakaa mdomoni bila kulazimishwa. Ahadi nayo iko wazi kwa watu wa pwani: chunusi ni yule wa majini anayewavuta waogeleaji, ambaye mama zetu walitutishia tusioge peke yetu maji yakijaa.

Taabu iko kwenye upekee. Kwa kijana wa Dodoma au Nairobi, chunusi ni vipele vya usoni. Akiandika neno hilo kwenye simu ataletewa sabuni, krimu na ushauri wa kunywa maji mengi. Nilipomweleza hili mpwa wangu alinyamaza muda mrefu, kwa sababu kwake neno hilo lina hofu ya utotoni na hakuwahi kulifikiria vinginevyo. Si kosa lake, wala si kosa la huyo kijana. Ni Kiswahili kimoja kinachoishi maeneo mengi. Jalada lenye bahari nyeusi na mkono unaochomoza majini lingeponya sehemu kubwa ya tatizo, lakini jalada halisikiki kwenye simu.

Kwa siri, jina hili linatoa kidogo. Tumeshajua wawili hao watakutana. Hatujui kama watakuwa maadui, marafiki au ndugu, na neno "na" lina uzuri wa kutosema.

Linamfaa anayeandikia watoto na vijana, na anayepanga mfululizo. Kuna sababu J. K. Rowling aliweza kutoa vitabu saba kati ya 1997 na 2007, vyote vikianza na jina la mvulana yule yule na kubadilisha kinachofuata. Mwanaheri na Chunusi leo, Mwanaheri na Mlima wa Popo mwakani, na msomaji anajua anarudi kwa nani. Halimfai mwenye wahusika wakuu watano wanaopokezana sura.

Ufalme wa kitu na kitu: Ufalme wa Chumvi na Mifupa

Mtindo huu unajulikana hata kwa asiyesoma. George R. R. Martin alianza mfululizo wake wa A Song of Ice and Fire mwaka 1996, wimbo wa barafu na moto. Sarah J. Maas akaja na A Court of Thorns and Roses mwaka 2015, miiba na waridi. Tomi Adeyemi, Mmarekani mwenye asili ya Nigeria, mwaka 2018 akatoa Children of Blood and Bone, damu na mfupa, ndani yake mkiwa na dini na lugha ya Wayoruba. Ni vitabu vilivyosomwa sana, na vijana wetu wanaosoma Kiingereza wanavijua.

Kwa hiyo tuseme haki: kwa ahadi hakuna jina linalolifikia hili. Ufalme, chumvi, mifupa. Kijana aliyezoea fantasia atajua ndani ya sekunde moja kwamba kitabu ni chake. Kama lengo lako ni kumtoa msomaji huyo kwenye Kiingereza aje asome Kiswahili, umempa mlango anaoujua.

Kwa upekee ndipo linaposhindwa. Kuna jaribio rahisi la jina la namna hii. Badilisha nomino uone kama hadithi inalalamika. Ufalme wa Moto na Vumbi. Kiti cha Damu na Majivu. Taji la Kivuli na Nyota. Ukiona yote yangekaa kwenye jalada lile lile bila shida, basi hujapata jina bado, umepata fremu. Kwenye mswada wa mpwa wangu chumvi ni ya kweli. Sura ya pili wanawake wanaifagia kutoka kwenye matumbawe kwa mifagio ya chelewa, wanaijaza kwenye vikapu, wanapigania nani auze wapi. Ukiisoma unaisikia kwenye midomo. Mifupa nimeitafuta kitabu kizima nikaikuta mara moja, ya papa. Imeingia kwenye jina kwa sababu majina ya namna hii hupenda mifupa. Nilimshauri, kama anautaka ukoo huu, abaki na Ufalme wa Chumvi. Neno moja lenye mizizi kitabuni lina uzito kuliko mawili ambayo moja limeazimwa.

Kwa ulimi liko katikati. Ni refu, na mtu atachanganya kilichotangulia: Mifupa na Chumvi? Hata Martin mwenyewe, tamthilia ya televisheni ilipoanza mwaka 2011, dunia ililishika jina fupi la kitabu chake cha kwanza, lile la mchezo wa viti vya enzi, na wengi mpaka leo hawalijui jina la mfululizo. Siri iko salama, kwani nomino mbili haziwezi kufichua jambo.

Linamfaa mwenye hadithi ya kasri, vita vya kurithi na mapenzi ya hatari, anayelenga vijana wakubwa na anayejua wazi kwamba anaingia soko lenye msongamano. Halimfai mwenye hadithi ya kijiji, ya bibi na kisima, maana ataahidi majeshi asiyokuwa nayo.

Jina ambalo ni sentensi: Maji Yalipokataa Kujaa

Pwani hatuhitaji kufundishwa kwamba jina linaweza kuwa sentensi nzima. Maandishi ya kwenye kanga tunayaita nini? Jina. "Hasidi hana sababu" ni jina la kanga. Tuna mabinti wanaoitwa Sikujua na Sikudhani, na kila mmoja amebeba kisa cha siku aliyozaliwa. Nnedi Okorafor alilifanya hilo kwa Kiigbo mwaka 2010: riwaya yake Who Fears Death ni tafsiri ya jina la shujaa wake, Onyesonwu, yaani nani anaogopa kifo. Jina la mtu, swali, na anwani ya kitabu, vyote kitu kimoja.

Kwa Kiswahili, mfano ninaoupenda ni Babu Alipofufuka ya Said Ahmed Mohamed, ya mwaka 2001. Maneno mawili. Hilo la pili limebeba nani, lini na nini, kwa sababu ya ile "po" ndogo katikati. Na limeacha kitu kikining'inia: alipofufuka, ikawaje? Sentensi haijaisha. Kitabu chote ndicho kinachoimalizia.

Maji Yalipokataa Kujaa lina "po" hiyo hiyo. Kwa ahadi ni zuri, maana maji yanayokataa ni maji yenye nia, na maji yenye nia hayapo kwenye hadithi za kawaida. Fantasia imeshaingia bila kutajwa mfalme wala jini. Upekee nao upo. Ulimi unachoka kidogo: ni mizani 11, na "kataa kujaa" inagonganisha irabu mwishoni. Mpwa wangu alisema anaipenda hiyo, inafanana na mtu anayevuta pumzi. Namwelewa, lakini mtangazaji wa redio huenda akajikwaa. Kwenye mgongo wa kitabu chembamba nako herufi zitabidi ziwe ndogo.

Siri ndiyo ya kuangaliwa sana hapa, kwa sababu sentensi ina kitenzi, na kitenzi husema lililotokea. J. R. R. Tolkien alikuwa ameandika riwaya yake ya pete kama kitabu kimoja. Ilipotolewa vipande vitatu, mwaka 1954 na 1955, cha mwisho kikaitwa The Return of the King, kurudi kwa mfalme. Yeye hakulifurahia, maana mfalme amesharudi tangu kwenye jalada. Alipendelea jina la kuvitaja vita vya pete. Kwa mpwa wangu hakuna hatari hiyo: maji yanakataa ukurasa wa kwanza. Kanuni ninayoifuata ni kwamba kitenzi cha jina kitoke mwanzoni mwa hadithi. Kikitoka robo ya mwisho, kiache.

Linamfaa mwenye hadithi inayoanza na tukio moja kubwa lililopindua maisha ya kila mtu. Kwa mfululizo ni gumu. Kitabu cha pili utakiitaje, Maji Yalipokubali?

Na vitu vya ajabu je?

Mpwa wangu hakuleta jina la kitu, lakini wengi huanzia hapo: pete, kisima, dira, kitabu cha siri. Ni majina imara mradi kitu chenyewe kinaeleweka. Jiwe la Mwanafalsafa, kitabu cha kwanza cha Rowling, lilipovuka kwenda Marekani mwaka 1998 lilibadilishwa likawa Jiwe la Mchawi, kwa hofu kwamba watoto wataona falsafa na kuacha uchawi. Philip Pullman alipata kisa cha kustaajabisha zaidi. Riwaya yake ya 1995 iliitwa Northern Lights, lakini Marekani ikatoka kama The Golden Compass. Maneno hayo yalitokana na shairi la kale la John Milton, ambamo yalihusu bikari, ile ya kuchorea duara. Wachapishaji wakayaelewa kuwa ni dira, wakayafananisha na chombo cha dhahabu anachobeba msichana wa hadithi, na jina likabaki. Kiingereza kina neno moja kwa dira na bikari. Sisi tuna mawili, kwa hiyo tukichagua jina la kitu tuna nafasi ya kusema hasa tunachomaanisha.

Kwa hali yako

Kama una ramani ya nchi uliyoichora kwenye daftari kabla hujaandika sura hata moja, anza na jina la mahali, na litafute kwenye vitenzi vyako kabla ya kubuni sauti ngeni. Kama unaandikia shule za msingi, au unajua kuna kitabu cha pili na cha tatu, jina la mtu litakutumikia kwa muda mrefu zaidi. Hakikisha tu maneno yake yana maana ile ile Mombasa, Mwanza na Lubumbashi. Kama msomaji wako ni kijana anayesoma fantasia za Kiingereza kwenye simu na unataka akutambue haraka, mtindo wa ufalme wa kitu na kitu unakubalika, ila vitu hivyo viwe vinagusika ndani ya kitabu. Na kama hadithi yako ni moja, imekamilika, na ilianza siku ambayo jambo lisilowezekana lilitokea, jaribu sentensi.

Ukibaki na mawili yanayolingana, yasomee watu wasiojua lolote kuhusu kitabu, usiwaulize lipi zuri. Ngoja uone watauliza nini.

Mpwa wangu alifanya hivyo jana jioni nyumbani. Mama yake, dada yangu, alikuwa akiparua samaki uani. Aliposikia Maji Yalipokataa Kujaa alinyanyua kichwa akasema, "Yalikataa kwa nini?" Kijana wa jirani aliyekuja kuchaji simu akasikia Kusikojaa, akauliza, "Ndiyo wapi huko?"

Swali la kijana linajibiwa sura ya tatu. La dada linajibiwa ukurasa wa mwisho. Mpwa wangu amemwomba mchapishaji wiki moja zaidi.